Ramani ya matetemeko na mahali tunapojenga
Neno kwa familia zilizohama makwao na kwa viongozi wa Kambove

Katika ofisi nyingi za misaada kuna ramani ya dunia iliyopakwa rangi kuonyesha mahali ardhi inapotetemeka. Rangi nyekundu imekolea Japani, Indonesia, Nepali, Uturuki na pwani ya Chile. Kwetu Afrika ya Mashariki na Kati rangi hiyo ni mkanda mwembamba unaoshuka kutoka Ethiopia, ukipita ziwa Albert, Kivu, Tanganyika na Rukwa, hadi Malawi. Mtu wa Kambove akitafuta mahali pake kwenye ramani hiyo, ataona rangi hafifu tu. Basi anajiuliza: je, sisi tuko salama? Na kama tuko salama, kwa nini tuzungumzie matetemeko wakati tuna shida ya chakula, ya shule na ya ardhi ya kulima?

Swali hilo ni la haki. Ili kulijibu lazima kwanza tuelewe ramani ya namna hii inasema nini, na nini haisemi.

Kwa nini ardhi hutetemeka

Gamba la dunia halikuumbwa kipande kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa ya miamba, nayo husogea polepole sana. Sehemu ya mashariki ya Afrika inajitenga na sehemu nyingine kwa milimita chache tu kila mwaka, polepole kuliko ukucha unavyokua. Lakini miamba haitelezi kama sabuni. Inakwama, inavutika miaka mingi, halafu siku moja inakatika ghafula. Kule kukatika ndiko tetemeko. Mabonde marefu yenye maziwa ya Kivu na Tanganyika ni alama ya kazi hiyo iliyofanyika kwa mamilioni ya miaka.

Wengi hawajui kwamba bonde hilo la ufa lina tawi linaloingia Katanga. Kutoka upande wa Tanganyika, nyufa zinaelekea kusini-magharibi, zikipita ziwa Mweru karibu na Pweto na bonde la Upemba ambamo Lualaba inapita kati ya madimbwi na maziwa madogo. Huko upande wa Upemba, mahali panapoitwa Kiabukwa, maji ya moto yanatoka ardhini, na mwaka 1952 kilijengwa kituo kidogo cha umeme kilichotumia joto hilo. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake Afrika nzima. Maji hayo hupata joto kwa sababu miamba imepasuka, yakaweza kushuka chini sana na kurudi juu.

Na ardhi ya Katanga imekwisha kutetemeka. Septemba 1992 tetemeko lenye ukubwa wa zaidi ya 6 liliua watu na kubomoa nyumba upande wa Kabalo. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga chini ya ziwa Tanganyika. Nyumba zilianguka Kalemie, na mtikiso ulisikika hadi Nairobi, watu wakakimbia kutoka katika majengo marefu. Februari 2017 lingine la 5.9 lilitokea karibu na Kaputa, Zambia, si mbali na Pweto. Baadhi ya familia zilizo Kambove leo zilitoka pande hizo za Pweto, Mitwaba na Manono, zikikimbia vita vya miaka ya 2005 na 2006, na tena vile vya 2012 na kuendelea. Wao hawahitaji kuambiwa tetemeko ni nini.

Neno moja kuhusu hizo namba. Tetemeko la 6 si kubwa kidogo tu kuliko la 5. Kila ngazi moja ya kipimo ni nguvu mara 32 hivi. Kwa hiyo la 7 lina nguvu zinazokaribia mara elfu moja ya zile za 5.

Ramani ya dunia ilivyochorwa

Miaka ya 1990 Umoja wa Mataifa uliitangaza kuwa mwongo wa kupunguza maafa ya asili. Kuanzia mwaka 1992 wataalamu wa nchi nyingi walikusanya habari za matetemeko ya zamani, orodha za nyufa zinazojulikana, na vipimo vya vituo vya kusikilizia ardhi. Mwaka 1999 walitoa ramani moja ya dunia nzima. Baadaye taasisi iliyoanzishwa mwaka 2009 huko Pavia, Italia, iliendeleza kazi hiyo, ikatoa ramani mpya mwaka 2018 na kuirekebisha mwaka 2023.

Rangi zinazotumiwa mara nyingi kwenye ramani hizi hazisemi tetemeko litakuja siku gani. Zinasema hivi: tukichukua mahali 100 penye rangi ileile, karibu 10 kati yao patapata mtikiso wa nguvu hiyo au zaidi katika miaka 50. Hizo 90 nyingine hazitapata. Mahali gani yatakuwa kumi hayo, hakuna ajuaye. Ni kama mtu mwenye kujua kwamba msimu wa mvua radi itapiga miti ya mlimani zaidi kuliko miti ya bondeni, ila hawezi kukuonyesha mti wenyewe.

Kuna jambo la pili, na kwetu Kongo ni kubwa zaidi. Ramani haiwezi kujua kuliko wale walioandika. Japani wana kumbukumbu za matetemeko za zaidi ya miaka elfu moja na vituo vya kupimia kila upande. Kongo ina nchi pana mno na vituo vichache. Kazi ya kusikiliza ardhi imebebwa hasa na kituo cha utafiti cha Lwiro karibu na Bukavu na kile cha volkano cha Goma. Kumbukumbu zetu zilizoandikwa zina umri wa kama miaka mia moja, na tetemeko kubwa linaweza kukaa muda mrefu kuliko huo kabla ya kurudi. Mwaka 1910, tarehe 13 Desemba, eneo la Rukwa, kusini mwa ziwa Tanganyika, lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.4 hivi, moja la makubwa kabisa Afrika katika karne ile. Vijana wa leo wa pande hizo hawajaona mfano wake. Na Aprili 2017 Botswana, nchi ambayo hakuna aliyeifikiria kwa habari ya matetemeko, ilipata la 6.5. Bahati yao, lilikuwa jangwani.

Basi rangi hafifu juu ya Kambove ina maana kwamba tishio ni dogo kuliko la Bukavu au Goma. Hilo ni kweli na tusiliogope kulisema. Haina maana kwamba hakuna.

Tishio si sawa na hatari

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Tutumie maneno mawili tofauti. Tishio ni kile ambacho dunia inaweza kufanya: kutetemeka, kufurika, kuporomoka. Hatari ni kile kinachoweza kutupata sisi. Tishio likija mahali pasipo na watu, ni habari ya wataalamu tu. Likija juu ya nyumba dhaifu, usiku, watoto wakiwa wamelala ndani, ni msiba.

Mwaka 2010 dunia ilionyeshwa tofauti hiyo kwa uchungu. Januari, Haiti ilipata tetemeko la 7.0, na waliokufa walizidi laki mbili. Mwezi uliofuata, Chile ilipata la 8.8, ambalo nguvu zake zilikuwa kama mara 500 za lile la Haiti. Waliokufa Chile walikuwa kama 525. Chile walikuwa na sheria ya ujenzi, nao waliifuata. Haiti walikuwa wamejenga nyumba za saruji mbaya juu ya miteremko, kwa sababu watu walikuwa wamehamia mjini wakitafuta maisha na hapakuwa na mahali pengine.

Karibu na kwetu, tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, tetemeko la 5.9 tu lilipiga Bukavu na ng'ambo ya Rusizi nchini Rwanda. Wapatao 40 walikufa, baadhi yao wakiwa kanisani. Septemba 2016 Bukoba, Tanzania, tetemeko la ukubwa huohuo liliangusha nyumba nyingi za matofali na kuua watu wasiopungua 17. Haya hayakuwa matetemeko makubwa kwa kipimo cha dunia. Ni kuta zilizoua.

Na siyo matetemeko peke yake. Alhamisi, tarehe 4 Mei 2023, mvua kubwa ilishusha mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi huko Kalehe, Kivu ya Kusini. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi. Waliokufa walizidi 400, na wengi hawakuonekana tena. Vijiji vilikuwa vimekaa mahali vijito vinapotoka mlimani kuelekea ziwani. Ramani ya dunia ingeweza kuonyesha kwamba Kalehe ina mvua nyingi na milima mikali. Haikuweza kuonyesha soko liko wapi.

Kambove ina ramani gani?

Ni mji uliozaliwa na shaba. Uchimbaji wa kisasa ulianza mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza mikononi mwa Union Minière, kisha Gécamines. Zaidi ya miaka mia moja ya kuchimba imeacha mashimo makubwa ya wazi, mahandaki ya chini ya ardhi na vilima vya udongo uliotupwa. Juu ya hayo yamekuja mashimo ya wachimbaji wadogo, mengine yakipita karibu na nyumba, pengine hata chini yake. Kila mtu katika teritwari hii anakumbuka Shinkolobwe: mgodi ulifungwa kwa amri ya rais Januari 2004, watu wakaendelea kuingia, na Julai mwaka uleule sehemu yake ikaporomoka na kuua wachimbaji wasiopungua 8. Mwaka 2019, Juni, huko Kolwezi, zaidi ya 40 walifukiwa. Hakuna tetemeko lililohitajika. Lakini fikirini mtikiso mdogo tu, ambao peke yake usingevunja hata sahani, ukipita juu ya ardhi iliyotobolewa namna hiyo, katikati ya mvua za Januari.

Kwa hiyo tunasema: kwa Kambove, ramani inayookoa maisha ni ile isiyouzwa mahali popote. Ni ya kata moja au kijiji kimoja, na wanaoweza kuichora ni wenyeji pamoja na waliokuja.

Tunasisitiza neno "pamoja", maana hapa hatari ya asili inakutana na amani. Familia iliyokimbia vita inapofika, inaomba kiwanja. Mwenyeji mwenye moyo mzuri anatoa. Lakini ardhi iliyo wazi ni ipi? Mara nyingi ni ile ambayo wenyeji wenyewe hawakuitaka: ukingo wa dembo unaojaa maji kila Februari, mteremko wa kilima cha udongo wa mgodi, uwanja ulio juu ya handaki la zamani. Pengine mwenyeji anajua kasoro yake akadhani mgeni ataona mwenyewe. Pengine naye hajui, babu yake ndiye aliyejua. Mvua ikija na nyumba ikianguka, mgeni anasema, "Mlituweka hapa tufe." Mwenyeji anajibu, "Ninyi ndio mliokata miti ya kule juu." Kutoka hapo hadi fimbo na panga si mbali.

Kuna jambo baya zaidi. Msiba usio na maelezo hutafutiwa mtu. Radi ikipiga, handaki likizama, ardhi ikitetemeka, kuna watakaonong'ona kwamba mzee fulani au mama fulani mjane ameleta. Kiongozi aseme wazi, mbele ya watu wote, tena kabla msiba haujafika: tetemeko halitumwi na mtu.

Namna ya kuichora

Haihitaji kompyuta. Anzeni chini, kwenye udongo uliofagiliwa, kwa fimbo, majivu na mawe, ili asiyejua kusoma aweze kusahihisha. Mkishakubaliana, nakilini kwenye karatasi kubwa.

Chagueni watu wanaojua mambo tofauti. Wazee wa mahali wanajua mto ulipofika mwaka wa mafuriko makubwa na mashimo ya zamani yaliyofukiwa. Wachimbaji wanajua mahandaki yanaelekea wapi. Wengine watasita kusema, wakiogopa kufukuzwa au kushtakiwa, kwa hiyo waahidini mapema kwamba ramani haitaandika jina la mwenye shimo. Akina mama wanaochota maji wanajua njia gani inakatika wakati wa mvua. Walemavu na wazee wasioweza kukimbia waulizwe wenyewe, wasisemewe. Familia zilizotoka Pweto au Manono zieleze nyumba zipi zilisimama ardhi ilipotikisika na zipi zilianguka. Mara nyingi mkimbizi huitwa mkutanoni kupokea tu. Katika kazi hii ana kitu cha kutoa, na wenyeji watakisikia.

Tembeeni kabla ya kuchora. Nyufa kwenye ukuta wa nyumba tatu zilizo mstari mmoja, mti ulioinama, udongo uliodidimia kama sahani, chemchemi iliyohama: hizo ni barua ambazo ardhi imeandika. Tieni alama nyekundu mahali pa kutojengwa, na manjano mahali pa kujengwa kwa masharti. Onyesheni pia shule, kanisa, msikiti, zahanati, visima, na uwanja ulio wazi ambapo watu wote wanaweza kukusanyika usiku bila ukuta wala waya wa umeme juu yao.

Kisha likaja jambo linalohitaji ujasiri wa viongozi. Ramani ya hatari inaweza kugeuzwa kuwa silaha. Mtu mwenye nguvu anayetaka kiwanja atasema, "Hapa ni pekundu, ondokeni," na wa kwanza kuondolewa watakuwa wale wasio na karatasi wala jamaa. Ndiyo sababu tunashauri kanuni moja isiyovunjwa: hakuna alama nyekundu juu ya nyumba ya mtu bila kuonyesha, kwenye karatasi hiyohiyo, mahali pa kijani ambapo familia hiyo inaweza kwenda, pamoja na jina la kiongozi aliyekubali. Kama mahali pa kijani hapapatikani, andikeni manjano na mtafute la kufanya: mfereji wa kupitisha maji, kufukia shimo, zamu ya kulinda usiku wa mvua kubwa. Tunajua kanuni hii itawachelewesha. Afadhali kuchelewa.

Nyumba yenyewe

Familia nyingi hujenga kwa matofali ya udongo wa kichuguu, mabichi au ya kuchoma. Udongo huo ni mzuri, lakini ukuta wa namna hii hauwezi kuvutwa. Ukitikiswa, pembe hufunguka kwanza, kisha ukuta huanguka kwa nje na paa likashuka ndani. Mkanda mmoja wa mbao ngumu au saruji yenye chuma unaozunguka juu ya kuta zote nne, ukifungwa vizuri pembeni, hushika nyumba kama kamba inavyoshika tita la kuni. Milango na madirisha yakae mbali na pembe. Kuta ziwe fupi, na matofali ya pembeni yapishane. Mawe yanayowekwa juu ya mabati ili upepo usiyabebe ndiyo hushuka juu ya watu. Afadhali kufunga mabati kwa waya na misumari. Wasio na uwezo wa haya yote waanze na jambo moja: kitanda cha watoto kisiwe chini ya ukuta mrefu wala chini ya mzigo.

Ardhi ikitikisika, aliye nje abaki nje, mbali na kuta na ukingo wa shimo. Aliye ndani ya nyumba ya udongo karibu na mlango atoke upesi; aliye mbali na mlango ajikinge chini ya meza imara, afunike kichwa. Wachimbaji wasirudi shimoni siku hiyo, maana mitikiso midogo hufuata, na mara nyingi ya pili ndiyo hubomoa kilicholegezwa na ya kwanza.

Uvumi

Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka na ardhi ya Goma kutikisika siku nyingi mfululizo, serikali iliamuru sehemu ya mji ihamishwe tarehe 27, na mamia ya maelfu walikwenda Sake, Rwanda na kwingineko. Njiani uvumi ulikwenda haraka kuliko magari. Volkano hutoa dalili zinazoweza kupimwa. Tetemeko halitoi. Yeyote anayewaletea ujumbe wa simu unaotaja siku na saa ya tetemeko lijalo anadanganya, hata kama ameweka jina la profesa. Kamati ya kata ichague watu wawili, mwenyeji mmoja na mkimbizi mmoja, ambao kazi yao ni kuuliza kwa msimamizi wa teritwari na kurudisha jibu kwa watu wote kwa wakati mmoja, ili upande mmoja usisikie kabla ya mwingine.

Ramani ikikamilika, isainiwe na chifu, na mjumbe wa wakimbizi, na mjumbe wa akina mama. Nakala tatu zinatosha: moja kwa chifu, moja kwa kamati ya wakimbizi, moja shuleni, ukutani, mahali watoto wanaiona. Irudiweni kila mwaka mvua zinapokwisha, mwezi wa Aprili au Mei, wakati alama za maji bado zinaonekana kwenye kuta na kabla watu hawajaanza kufyatua matofali ya kiangazi.